Silanti Ipi kwa Boti ya Faiba? Mwongozo kamili wa kufunga vifaa visivuje

"Fundi, nimeziba kwa silikoni mara tatu na kleti bado inavuja."

Swali hili linanifikia kutoka Tanga, Mafia, Kilifi na Nungwi. Kila nikiomba picha naona jambo lile lile: ukingo mweupe wa silikoni umepakwa kwa kidole kuzunguka kleti, kile chuma cha sitahani cha kufungia kamba, kama mtu anayeziba sinki la jikoni. Ukingo umeanza kubanduka, na chini ya sitaha kuna mchirizi wa kahawia. Maji yanashuka na boliti, chini ya chuma, mahali ambapo silanti (dawa ya kuziba maungio) haikufika kabisa.

Kabla ya kugusa bisibisi, shika jambo moja. Silanti haishikilii kifaa. Anayeshika ni boliti, na silanti ni washa laini (kama kile kipete cha chini ya nati) inayojaza nafasi kati ya chuma na faiba. Kwa hiyo unatafuta kitu kinachonyumbuka, kinachovumilia jua au maji ya mahali pake, na kitakachokuachia ufungue kifaa siku ya matengenezo. Ukali wa gundi si sifa ya kwanza, na mara nyingi ni hasara.

Mwongozo huu ni wa boti za faiba: kleti, nguzo za reli, hachi (mlango wa sitaha), madirisha, boliti za injini ya nje na matundu ya maji chini ya boti, yaani vifaa vya bomba vinavyopitisha maji kwenye mwili wa boti. Jahazi na mashua za mbao zina njia yake. Ubao hutota ukavimba, ukikauka unasinyaa, na kalafati ya pamba na mafuta hucheza nao. Ukijaza gundi kali kati ya mbao, siku fundi akitaka kutoa ubao mmoja atavunja mitatu.

## Vifaa vya kuandaa

- Silanti sahihi (tutachagua hatua ya 1 na ya 2)
- Bunduki ya silikoni, ile ya chuma kizito. Ya bei ndogo hupinda na silanti nzito
- Asitoni safi, na spiriti nyeupe (white spirit, si alkoholi) ya kufutia
- Matambara meupe mengi, au karatasi za jikoni
- Utepe wa karatasi wa wapiga rangi
- Wembe, patasi butu na kadi ya benki iliyokwisha muda
- Msasa namba 80 na 120
- Drili, biti za kawaida na biti ya kauntasinki, ile ya kupanua mdomo wa tundu
- Epoksi ya sehemu mbili na unga wa kuizidisha uzito
- Boliti, nati na washa pana za stenlesi. Tafuta alama ya A4 kwenye kichwa cha boliti. A2 ni ya nchi kavu. Baharini itatoa kutu
- Bamba la chini: alumini nene, stenlesi, au kipande cha faiba ngumu
- Glavu, na mtu wa pili

Mtu wa pili si anasa. Mmoja anashika kichwa cha boliti juu kisizunguke, mwingine anakaza nati chini. Ukifanya peke yako utaizungusha boliti, na boliti ikizunguka inakata silanti uliyoipaka sasa hivi.

## Hatua ya 1: Jibu maswali matatu kabla ya kwenda dukani

Kifaa kitakaa juu au chini ya mstari wa maji? Kilicho chini ya maji kinataka silanti inayovumilia kuzama mwaka mzima. Kilicho juu kinataka kuvumilia jua letu, na jua hili linaua silanti nyingi kuliko maji ya chumvi.

Silanti itagusa nini? Faiba, stenlesi na shaba nyeusi (bronzi) hazina ugomvi na silanti nyingi. Plastiki ndiyo tatizo. Akriliki, polikaboneti, ABS na PVC hushambuliwa na baadhi ya silanti: zinalainika, au zinapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Ubaya wake ni kwamba ufa hauonekani siku ya kwanza. Unatokea baada ya wiki, ukiwa umeshamaliza kazi na kumlipa fundi.

Utataka kukifungua tena? Swali hili watu hulipita, nami naliona la maana kuliko yote. Hachi ina mpira utakaochakaa. Nguzo ya reli itagongwa na gati. Kleti itahitaji kukaguliwa. Karibu kila kifaa cha sitaha kitafunguliwa siku moja, kwa hiyo jibu la kawaida ni "ndiyo".

*Umefanikiwa ikiwa* unaweza kusema kwa sentensi moja: "Ni kleti ya stenlesi, juu ya maji, kwenye faiba, nitaifungua tena." Mwuzaji anayeelewa kazi yake ataielewa sentensi hiyo haraka kuliko "nipe silikoni ya boti".

## Hatua ya 2: Chagua familia ya silanti

Majina ya kampuni ni mengi, familia ni tano tu. Tazama familia kwanza, chapa baadaye.

Silikoni. Inavumilia jua na joto, na haidhuru plastiki. Lakini inashika kidogo, na ikitoka inaacha utando usioonekana ambao rangi, jelkoti (ngozi ya nje inayong'aa ya faiba) wala silanti nyingine haitashika juu yake. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka na inakula chuma. Naitumia kwa vitu vya plastiki vilivyobanwa kwa fremu, na ninachagua isiyo na harufu ya siki. Usiiweke chini ya maji, na usiiweke mahali utakapopaka rangi baadaye.

Poliurethani. Hii inashika sana. Ni nzuri chini ya maji, na nzuri kwa kiungo cha sitaha na mwili wa boti. 3M 5200 ndiyo maarufu, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Kleti iliyowekwa kwa 5200 huondoka na ngozi ya faiba. Ndugu yake 4200 ana nguvu karibu nusu, naye ndiye wa kumtafuta ukitaka poliurethani unayoweza kuifungua. Sikaflex-291i iko kundi hilo la wastani. Kasoro ya familia hii ni jua: ukingo unaoachwa wazi hugeuka njano na kutoa unga. Usiitumie kwenye akriliki, polikaboneti wala ABS, isipokuwa ile iliyotengenezwa mahususi kwa madirisha ya plastiki, kama Sikaflex-295 UV, pamoja na praima yake.

Polisalfaidi. Ni ya kizamani na ni ya kuaminika. Inakauka polepole, inanyumbuka miaka mingi, inakaa juu na chini ya maji, na inastahimili petroli. Mdomo wa kujazia mafuta ninaufunga kwa hii. Inapatana na mbao za msaji kuliko nyingine. Lakini ni adui mkubwa wa plastiki nilizozitaja, PVC ikiwemo.

Polima mseto. Hizi ni mpya kidogo. Zinavumilia jua kuliko poliurethani, hazinuki, zinakauka upesi, na zinafunguka kwa wembe na subira. 3M 4000UV ni mfano. Kwa sitaha nyeupe inayopigwa na jua kutwa, hii ni chaguo zuri. Soma tyubu kuhusu plastiki, kwa sababu mseto mmoja hufanana na mwingine kwa jina tu.

Utepe wa butili. Si wa tyubu. Ni utepe mzito unaonata ambao haukauki kamwe, na uzuri wake uko hapo: miaka 10 baadaye bado unacheza na kifaa, na unafungua kwa mkono. Kwa kleti, nguzo za reli na reli za mikono juu ya sitaha, butili ndiyo chaguo langu la kwanza. Usiuweke chini ya maji. Usiuweke penye petroli, maana unayeyuka. Na usiutumie kwa kitu kisichobanwa kwa boliti. Mafundi wanaofungua na kufunga taa za magari wanaujua. Uliza hapo ukiukosa kwenye duka la vifaa vya boti. Hakikisha unavutika kama ubani uliotafunwa. Unaokatika vipande kama udongo ni puti ya bei ndogo.

Mahali nitakapoweka nini, kwa haraka:

- Kleti, nguzo, reli za sitaha: butili, ukiikosa, mseto
- Hachi yenye fremu ya alumini: butili au mseto
- Dirisha la akriliki lililobanwa na fremu: silikoni isiyo ya siki, au silanti mahususi ya plastiki
- Mdomo wa kujazia petroli: polisalfaidi
- Boliti za injini ya nje: poliurethani ya wastani au polisalfaidi
- Tundu la maji la shaba nyeusi chini ya boti: poliurethani ya wastani au polisalfaidi
- Kiungo cha sitaha na mwili, kisichofunguliwa maisha: hapo, na karibu hapo tu, 5200

Neno moja kuhusu madirisha. Akriliki hutanuka sana kwa joto. Kipande cha mita 1 kikipata nyuzi 30 zaidi, tofauti ya alfajiri na saa nane mchana juani, kinarefuka takriban milimita 2. Silanti nyembamba kama karatasi haiwezi kunyumbuka hivyo, itachanika tu. Kwa dirisha weka vipande vidogo vya mpira vya kuinua ili silanti ibaki na unene wa milimita 3 au zaidi, na matundu ya boliti yawe mapana kuliko boliti.

## Hatua ya 3: Kagua tyubu ukiwa dukani

Silanti nyingi za sehemu moja zinaishi kama mwaka mmoja zikiwa hazijafunguliwa, na joto hupunguza huo muda. Tyubu iliyokaa dirishani mwa duka, juani, imeshaanza kufa.

Soma tarehe. Kisha bonyeza tyubu kwa kidole upande wa nyuma. Inatakiwa isogee. Ikiwa ngumu kama mshumaa, irudishe.

Usinunue kubwa kwa sababu ni nafuu. Tyubu ya mililita 300 inatoa karibu mita 15 za mstari wa unene wa milimita 5. Kleti moja haimalizi hata mita moja. Ikishafunguliwa, iliyobaki hukauka ndani ya siku chache, hata ukiziba mdomo kwa msumari. Panga kazi zote za aina moja siku moja, au nunua tyubu ndogo.

## Hatua ya 4: Fungua, kwangua, safisha

Toa kifaa. Kikigoma, usikichokonoe kwa bisibisi, utavunja jelkoti. Pitisha waya mwembamba au uzi wa kuvulia samaki chini yake ukikata kama msumeno, au pasha chuma joto kidogo kwa mashine ya hewa moto, polepole.

Kwangua silanti ya zamani kwa kadi ya plastiki, kisha wembe. Hakuna silanti inayoshika juu ya silanti iliyokufa.

Kama iliyokuwapo ni silikoni, una kazi ya ziada, kwa sababu asitoni haiondoi utando wake, inausambaza. Kwangua yote, piga msasa namba 120 mpaka uso uwe mkavu usio na mng'ao, futa, kisha nyunyiza maji. Maji yakitandaa sawasawa, pako safi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la mgomba, rudia msasa.

Mwisho futa kwa asitoni, tambara moja la kulowesha na jingine kavu la kumalizia. Geuza tambara kila unapofuta. Thina ya kuchanganyia rangi usiitumie, kwani mara nyingi inaacha mafuta.

Tahadhari: Asitoni inawaka upesi, na boti yako ina petroli. Zima kila kitu, fungua hewa. Na isiguse akriliki, itaipasua. Plastiki safisha kwa maji ya sabuni, acha ikauke.

Tahadhari ya pili: Kama utatumia poliurethani, usifute mahali pake kwa spiriti ya hospitali au alkoholi yoyote muda mfupi kabla ya kupaka. Alkoholi inaizuia poliurethani isikauke, na itabaki laini kama dawa ya meno. Wengi wamelaumu tyubu kwa kosa hili.

## Hatua ya 5: Ziba kiini cha sitaha

Hatua hii ndiyo inayookoa boti, na katika kumi walioniandikia, labda mmoja aliifanya.

Sitaha ya faiba mara nyingi si faiba tupu. Ni ngozi mbili nyembamba zenye kiini katikati: balsa, mbao nyepesi sana, kwa boti nyingi za kutoka nje, plaiwudi kwa nyingi zinazojengwa kwetu. Ubao wa nyuma unaobeba injini karibu daima una plaiwudi ndani. Ukitoboa, unafungua njia ya maji kuingia kwenye kiini. Silanti ikishindwa hata kidogo, maji yanaanza kusafiri ndani ambako huyaoni.

Niliwahi kufungua sitaha ya omo ya boti ya wageni iliyokuwa safi na inayong'aa. Kleti ilitikisika kidogo tu. Chini ya ngozi ya juu plaiwudi ilikuwa imegeuka udongo mweusi kwa upana wa meza ya kulia chakula. Chanzo kilikuwa matundu manne ya milimita 8. Boti ile ilibeba watoto.

Gonga kwanza sitaha kwa mpini wa bisibisi kuzunguka tundu. Sauti kali na kavu ni nzuri. Sauti nzito, kama kugonga embe lililoiva, ni maji au kuoza. Kiini kilichoingia unyevu kikaushe kabla ya lolote: acha matundu wazi, feni, jua. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndio wakati wake; masika usijaribu. Kama kinamomonyoka kidoleni, silanti haina msaada. Kinakatwa na kuwekwa kipya, na hiyo ni kazi nyingine.

Kama ni kizima, fanya hivi:

1. Kwa boliti ya milimita 8, panua tundu mpaka milimita 14 hadi 16 kupitia ngozi ya juu na kiini. Usitoboe ngozi ya chini. Funga utepe kwenye biti kuashiria kina.
2. Kama hutaki kupanua juu, kunja msumari kama herufi L, ufunge kwenye drili, uzungushe ndani. Utachimba kiini kati ya ngozi mbili bila kuigusa jelkoti.
3. Vuta unga wote nje. Ziba chini kwa utepe uliobanwa vizuri.
4. Lowesha kuta kwa epoksi nyepesi isiyo na unga. Kiini kinanywa. Ngoja dakika kadhaa, ongeza.
5. Changanya epoksi na unga mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, jaza mpaka juu.
6. Acha siku nzima, piga msasa, toboa upya milimita 8 katikati.

Sasa boliti inapita ndani ya gome gumu la epoksi. Maji yakipenya silanti, hayana kiini cha kula. Na ukikaza nati, epoksi inabeba mgandamizo ambao ungeponda plaiwudi.

Usitumie resini ya kawaida ya faiba badala ya epoksi. Inasinyaa inapokauka, na haishiki mbao vya kutosha.

Tahadhari: Kwa joto letu epoksi inachemka haraka kikombeni. Changanya kidogo kidogo, na tundu lenye kina lijaze kwa awamu mbili. Kikombe kikianza kutoa moshi kiweke mchangani, mbali na petroli.

*Umefanikiwa ikiwa* ukichungulia tundu jipya kwa tochi unaona ukuta mmoja laini wa epoksi, bila mstari wa mbao hata mmoja.

## Hatua ya 6: Panua mdomo wa tundu

Kwa biti ya kauntasinki, panua mdomo wa tundu upande wa juu uwe kama bakuli dogo, milimita 2 au 3 kila upande. Inachukua sekunde tano.

Sababu yake: sitaha bapa na chuma bapa zikikazwa, silanti yote hukamuliwa nje na inabaki filamu nyembamba isiyonyumbuka. Lile bakuli linabakiza pete nene ya silanti kuzunguka shingo ya boliti, na pete hiyo ndiyo inayozuia maji. Ni hatua ndogo na imeniletea matokeo kuliko kubadilisha chapa yoyote ya silanti.

## Hatua ya 7: Jaribu kavu

Weka kifaa bila silanti. Ingiza boliti zote. Kikiyumba, sitaha si bapa. Rekebisha sasa, maana ukikaza kwa nguvu utakipinda au utapasua jelkoti.

Weka bamba la chini na washa pana. Kleti inayoshikilia boti wakati wa kusi isitegemee washa ndogo. Nguvu itapenya ngozi ya faiba kama kidole kwenye chapati.

Zungushia kalamu ukingo wa kifaa, kitoe, kisha weka utepe wa karatasi nje kidogo ya mstari huo. Weka utepe pia kwenye ukingo wa chuma chenyewe. Dakika tano hizi zinakuokoa saa nzima ya kufuta.

## Hatua ya 8: Paka na ukaze

Kwa silanti ya tyubu. Vaa glavu. Poliurethani ambayo haijakauka ina kemikali zinazoudhi ngozi na mapafu. Fanya kazi penye hewa. Hewa yenye unyevu ya pwani huifanya ianze kutengeneza ngozi mapema, na joto huongeza kasi, kwa hiyo kila kitu kiwe mkononi kabla ya kukata mdomo wa tyubu. Asubuhi mapema ni bora kuliko adhuhuri.

Paka mstari usiokatika kuzunguka upande wa chini wa kifaa, kisha pete kamili kuzunguka kila tundu. Jaza kile kibakuli cha kauntasinki. Paka pia chini ya kichwa cha boliti. Weka kifaa moja kwa moja, usikiburuze.

Mwenzako ashike vichwa. Wewe kaza nati kwa zamu, za mshazari, mpaka silanti itokeze sawasawa pande zote. Kisha acha.

Mafundi wengi hukaza nusu, wakangoja silanti ikauke, halafu wakamalizia. Njia hiyo inafanya kazi kama boliti haizunguki kabisa. Mimi nimeona boliti nyingi mno zikizunguka siku ya pili, kwa hiyo nakaza mara moja, kwa kiasi, na kauntasinki inanipa unene ninaohitaji.

Futa iliyotokeza kwa kadi, kisha tambara lenye spiriti nyeupe kidogo, na ng'oa utepe ukiwa bado mbichi. Ukingoja ukauke, utang'oka na silanti.

Kwa butili. Kata ukanda, weka chini ya kifaa chote, viringisha kikamba chembamba na ukizungushe shingoni mwa kila boliti kama koni. Kaza kidogo mpaka ianze kutoka, uache. Kesho, jua likiwa kali na butili imelainika, kaza robo ya mzunguko. Rudia siku tatu au nne mpaka isitoke tena. Kata iliyotokeza kwa wembe wa plastiki. Haraka haifai hapa. Butili inasogea kwa mwendo wake.

Chini ya sitaha usipake chochote. Najua inavutia kuziba pande zote mbili. Ukiziba chini, maji yaliyopenya juu hayana pa kutokea. Yatakaa kuzunguka boliti, na stenlesi iliyofungiwa kwenye unyevu bila hewa huliwa kimyakimya mpaka ikatike. Ukiacha wazi, tone la kwanza litakuambia kuna shida. Tia grisi kidogo kwenye nyuzi za nati, maana stenlesi kwa stenlesi hukwama ikagoma kabisa kufunguka.

*Umefanikiwa ikiwa* silanti imetokeza pande zote bila pengo. Pakiwa na pengo hata la sentimita moja, fungua upake tena sasa hivi, ingali mbichi. Kupaka kwa nje hakusaidii.

## Hatua ya 9: Chini ya mstari wa maji, hesabu bamvua

Tundu la maji chini ya boti halina msamaha. Kifaa kiwe cha shaba nyeusi au plastiki ngumu ya baharini. Shaba ya njano ya mabomba ya nyumbani hupoteza zinki yake baharini, inabaki laini ya waridi, na siku moja inakatika mkononi na bahari inaingia.

Kosa la pwani yetu ni kupweleza boti maji yakitoka, kufunga kifaa, na kuishusha majini maji yakirudi. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa 6 tu. Poliurethani ya kawaida kama 5200 inataka siku 5 hadi 7 kukauka kabisa. 4200 ya kawaida hali kadhalika. Aina ya haraka, 4200FC, inataka karibu saa 24.

Tumia kalenda ya mwezi. Ipandishe boti maji yakijaa kileleni mwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu. Kadiri maji mafu (maji madogo ya katikati) yanavyokaribia, bahari haitafika tena pale juu, na utakuwa na siku nyingi kavu mpaka bamvua linalofuata. Wazee wa jahazi walifanya hivyo kwa kalafati, na kwa silanti inafaa vilevile. Chimbia magogo ubavuni ili boti isilale.

Siku ya kuishusha majini, mtu mmoja akae ndani na tochi, mkono juu ya kifaa. Ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ifutwe ikauke kwanza, ili tone moja lionekane. Akae saa nzima kabla ya mtu yeyote kuondoka.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa maji

Silanti ikishakauka, panguza chini ya sitaha kavu kabisa, kisha bandika karatasi ya chooni kuzunguka kila nati. Juu, fungua bomba la maji. Anza sehemu ya chini ya sitaha, panda juu taratibu, dakika 10 kila kifaa. Ukianza juu, maji yatatiririka kote na hutajua kipi kimevuja.

Karatasi ikibaki kavu, umemaliza. Ikilowa, weka alama kwenye nati hiyo kwa kalamu, na kifaa hicho kirudi hatua ya 4. Usikipake nje.

Halafu kila mwaka kusi likimalizika, ingia chini ya sitaha na tochi. Tafuta mchirizi wa kahawia chini ya nati, washa iliyozama kwenye faiba, au kleti inayotikisika ukiivuta kwa mikono miwili. Kifaa kimoja kikionyesha dalili, fungua na vile ulivyovifunga pamoja nacho siku ile ile kwa tyubu ile ile.